Kutoka Kayanga hadi Kaitaba: Jinsi ya Kujiandaa kwa Mechi ya Nyumbani

Kwa shabiki wa Kagera Sugar anayeishi Karagwe au Kyerwa, mechi ya nyumbani ni safari. Mwenyeji wa Hamugembe au Kashai anakula chakula cha mchana taratibu, anavaa jezi, na kabla ya saa 10 jioni yuko Uwanja wa Kaitaba. Wewe wa Kayanga una kilomita 120 hivi hadi Bukoba. Wa Rubwera anaongeza kilomita 50 nyingine kabla hata hajafika Omurushaka kuunganisha gari, na wa Murongo, kule mpakani na Uganda, anaongeza zaidi ya 100. Lakini timu ni ya mkoa, na sisi ni mkoa. Wanankurukumbi, yaani Kagera Sugar, wanapoingia uwanjani Kaitaba, sauti ya Nkwenda na ya Nyaishozi ina haki sawa na ya Bukoba mjini.

Tatizo letu ni kwamba safari hii wengi huiamua asubuhi ya mechi. Ndipo gari linakosekana, nauli inapanda, watu wanafika kipindi cha pili kimeshaanza, na usiku wanakwama stendi. Shabiki akirudi nyumbani saa 8 usiku akiwa amelowa na amechoka, mechi inayofuata haji tena. Kwa hiyo tujipange kuanzia wiki moja kabla, na tuanze na swali la kwanza kabisa: twende kwenye mechi ipi?

Chagua mechi isiyo na kelele

Kwa miaka mingi, Karagwe na Kyerwa zilijaza magari kwenda Kaitaba mara mbili kwa msimu: siku ya Simba na siku ya Yanga. Nusu ya waliokuwemo kwenye gari walikwenda kuwashangilia wageni. Simlaumu mtu kwa mapenzi yake; nchi hii imegawanyika nyekundu na kijani tangu babu zetu. Lakini matokeo yake tumeyaona. Mwishoni mwa msimu wa 2024/25 Kagera Sugar ilishuka daraja pamoja na KenGold ya Mbeya, ikaanza msimu wa 2025/26 kwenye Championship. Timu ikiwa huko, Simba na Yanga hawaji Kaitaba kwa ajili ya ligi, na kisingizio cha zamani kimekwisha. Anayekwenda uwanjani anakwenda kwa ajili ya Kagera Sugar, basi.

Fanya hesabu uone uzito wa siku moja. Ligi ya timu 16 ina mechi 30 kwa kila timu, na 15 kati ya hizo ni za nyumbani. Hizo 15 ni pointi 45. Timu mbili za juu kwenye Championship hupanda moja kwa moja, ya tatu na ya nne huingia kwenye mchujo, njia ndefu yenye kuumiza. Sare moja ya nyumbani na timu ambayo hata jina lake hulijui ni pointi mbili zilizotupwa, na Mei zikija kuhesabiwa zinaweza kuwa ndizo tofauti kati ya kupanda na kwenda mchujo. Kwa hiyo ukiuliza mechi gani inafaa kutolewa nauli kutoka Kyerwa, jibu langu ni ile ambayo hakuna anayeizungumzia kijiweni. Mechi na Geita Gold itajaza uwanja yenyewe, maana ni majirani na safari yao ni fupi. Mechi na timu iliyotoka mbali, inayokuja kupaki basi na kuondoka na pointi moja, hiyo ndiyo inayohitaji koo lako.

Na usiende ukiwa na sura ya msiba. Mtibwa Sugar, waliokuwa mabingwa wa nchi mwaka 1999 na 2000, walishuka mwishoni mwa msimu wa 2023/24. Wakacheza msimu mmoja wa Championship, wakaushinda, wakarudi Ligi Kuu. Njia ya kurudi ipo, na timu ya miwa imeshaipita.

Kama unahitaji kumbukumbu ya kukupa moyo, chukua ya tarehe 19 Mei 2018. Simba walikuwa bingwa tayari, hawajapoteza mechi hata moja ya ligi msimu ule, na Rais Magufuli alikuwa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kuwakabidhi kombe. Mgeni wa sherehe alikuwa Kagera Sugar. Edward Christopher akafunga zikiwa zimebaki dakika chache, kisha Juma Kaseja, golikipa wetu siku ile, akaokoa penalti ya Emmanuel Okwi. Mechi ikaisha 1-0. Kombe walilichukua Simba, lakini rekodi yao ya kutofungwa ilipotelea mikononi mwa timu ya Kagera. Mdogo wako aliyezaliwa baada ya hapo msimulie, kisha mkatie tiketi.

Ratiba kwanza, pesa baadaye

Ratiba ya ligi hutolewa na Bodi ya Ligi, na Bodi ya Ligi huibadilisha. Mechi inasogezwa siku moja mbele kwa sababu ya matangazo ya televisheni, inarudishwa nyuma kwa sababu ya mashindano mengine, saa inabadilika. Anayekaa Bukoba hasumbuki sana. Wewe uliyekwisha kulipa gari, unasumbuka. Kwa hiyo mambo matatu yathibitishe siku mbili au tatu kabla ya mechi kwenye kurasa rasmi za klabu na za Bodi ya Ligi: tarehe, saa, na uwanja.

Uwanja nao, ndiyo. Msimu wa 2015/16, Kaitaba ikiwa kwenye matengenezo ya kuwekewa nyasi bandia, mechi za nyumbani za Kagera Sugar zilichezwa mbali na mkoa, hadi Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, Tabora. Usidhani tu kwamba nyumbani ni Kaitaba kila wakati.

Mwenye gari mpe malipo ya awali kidogo, na mwandikishane kwamba mechi ikiahirishwa pesa inahamia kwenye tarehe mpya. Madereva wetu wengi ni waelewa ukizungumza nao mapema. Ukimwambia asubuhi ya safari, naye anakuwa ameshawaacha abiria wengine kwa ajili yako, hapo ni ugomvi.

Anza na kurudi

Watu hupanga kwenda. Panga kurudi kwanza. Mechi ya saa 10 jioni inaisha karibu saa 12. Giza linaingia muda si mrefu baadaye, na magari ya abiria ya kawaida kuelekea Karagwe kwa saa hizo ni ya kubahatisha. Hata ukilipata la Kayanga, la kukutoa Omurushaka kwenda Nkwenda, Isingiro au Kaisho hulipati. Hapo ndipo watu hukodi bodaboda usiku kwa umbali usiofaa, wawili nyuma ya dereva aliyeshinda juani tangu alfajiri. Usifanye hivyo. Hakuna pointi tatu zenye thamani ya mguu wako.

Una njia mbili za maana. Ya kwanza ni kukodi Hiace au Coaster kwa kikundi, kwenda na kurudi, dereva mmoja anayewasubiri uwanjani. Gharama mnagawana, na mkijaza viti inaweza kuwa karibu na nauli ya kawaida ya kwenda na kurudi. Sharti lake ni moja: majina na pesa vipatikane kabla ya siku ya Alhamisi kama mechi ni Jumamosi. Mtu anayesema "niwekee nafasi, nitalipa tukifika" huyo usimhesabu, hata kama ni shemeji yako. Teua mweka hazina, mtu mmoja, anayeandika. Kama viti vinne havijajaa, pelekeni tangazo redioni. FADECO ya Karagwe inasikika hadi mashambani, na Bukoba wapo Kasibante FM. Viti vinne vitupu kwenye gari ni watu wanne walioachwa vijijini wakitamani kwenda.

Ya pili ni kulala Bukoba. Kwa mtu wa Murongo, Bugomora au Kaisho, hii ndiyo njia ninayoishauri bila kusita. Ukiongeza kulala, unaweza kumaliza na shughuli nyingine ya mjini: duka la pembejeo, hospitali ya mkoa kumwona mgonjwa, ofisi za mkoa kama mechi imeangukia siku ya kazi. Wengi wetu tuna ndugu Bukoba. Piga simu mapema, usimtokee mtu mlangoni saa 2 usiku na jezi yenye jasho, na ukienda, nenda na mkungu wa ndizi au debe la maharage. Karagwe na Kyerwa ndizo zinazolisha mji huo, ndugu yako ataelewa. Kama huna ndugu, nyumba za kulala wageni zipo za kila bei kuzunguka stendi na sokoni, lakini wiki ya mechi kubwa au ya sherehe weka nafasi kabla.

Kuhusu kwenda: kutoka Kayanga, gari la kikundi likiondoka saa 4 asubuhi linakupa nafasi ya kupumua, hata likipata pancha Kihanga. Barabara ya Kyaka hadi Bugene ni lami, na kutoka Kyaka hadi Bukoba ni lami pia, lakini kona na miteremko ya Rwabunuka haitaki haraka, hasa ukungu ukiwa umeshuka. Mwambieni dereva hivyo kabla ya kuondoka, na wa mbele asimpigishe stori za mechi kwenye kona. Wa Kyerwa fikeni Omurushaka kabla ya saa 3. Hiyo ina maana ya kutoka Murongo alfajiri. Michomoko, yale magari madogo ya abiria, ni rahisi kupata na huenda kasi, lakini kwa safari ndefu ya kubanana mbele watu wawili kwenye kiti kimoja, mimi naona heri kusubiri Hiace.

Jambo moja kuhusu mvua. Ligi inaanza Agosti au Septemba na kuisha Mei au Juni, kwa hiyo inakutana na vuli nzima na masika nzima. Barabara za vumbi za vijiji vya Kyerwa hubadilika kwa mvua ya usiku mmoja. Kama kijiji chako kiko ndani, toka siku moja kabla, ulale Omurushaka kwa jamaa, uanze safari lami ikiwa miguuni.

Pesa ya mechi isitoke kwenye ada

Wakati ligi inaanza, wengi wetu tunakuwa tumemaliza kuvuna kahawa na malipo ya AMCOS yameingia au yako njiani. Huo ndio wakati wa kutenga. Hesabu mechi mbili au tatu za nyumbani unazozitaka kwa msimu mzima, piga hesabu ya nauli, kiingilio, chakula na dharura, uiweke pembeni kwenye simu au kwenye kikoba. Januari ikifika na ada za shule, hutaipata tena. Namaanisha: shabiki anayechukua pesa ya daftari la mtoto kwenda uwanjani anaifanya nyumba yake iichukie timu, na timu ya mkoa haiwezi kuishi nyumba zikiichukia. Mwambie mwenzako nyumbani bei kamili ya safari tangu mwanzo. Bora zaidi, mwende wote.

Hilo la kwenda wote nalisisitiza. Kinamama na mabinti wa Kayanga wanaijua ligi vizuri tu, wanaisikiliza redioni wakiwa shambani. Kinachowazuia ni usafiri wa usiku na magari yaliyojaa walevi. Kikundi kikikubaliana kwamba hakuna pombe ndani ya gari hadi watu wote washuke, utashangaa viti vinavyojaa. Lubisi ipo, itakungoja nyumbani.

Ukishafika Kaitaba

Viingilio hutangazwa na klabu siku chache kabla, pamoja na mahali pa kununua tiketi. Kama una jamaa Bukoba, mtumie pesa akukatie mapema, ili usisimame foleni ukiwa umetoka safari ya saa tatu. Kama huna, fika uwanjani saa 8 mchana. Nunua dirishani au kwa muuzaji aliyetajwa na klabu, usinunue kwa kijana anayezunguka na tiketi mfukoni. Na usiingie kwa kuruka ukuta wala kwa kumpa mtu wa mlangoni kitu kidogo. Pesa ya mlangoni ni sehemu ya mapato ya klabu, na klabu iliyo nje ya Ligi Kuu inaihitaji kuliko wakati wowote.

Kaitaba si uwanja mkubwa. Huingia watu wapatao 5,000. Hiyo ni faida yetu. Watu 2,000 wanaoimba ndani yake wanasikika, wakati watu hao hao kwenye uwanja mkubwa wa Dar es Salaam wangepotea. Wa Karagwe na Kyerwa kaeni pamoja, mahali pamoja kila mechi, ili wachezaji na wenyeji wa Bukoba wajue kwamba pale ndipo tulipo. Njooni na ngoma, na mwimbe Kinyambo bila aibu, Wahaya watawaelewa zaidi ya nusu.

Bukoba ni miongoni mwa miji inayopata mvua nyingi kabisa nchini, na ziwa liko pale pale, kwa hiyo asubuhi yenye jua haikuahidi jioni kavu. Chukua koti la mvua. Acha mwavuli, ukiufungua unawaziba watu watatu nyuma yako. Simu na chaji yake zifunge kwenye mfuko wa nailoni. Chupa usitegemee kuingia nazo, kwa hiyo kunywa maji na kula kabla. Kwa chakula, mjini utapata ndizi na sato kwa bei ya kawaida ukisogea kidogo kutoka milango ya uwanja, na kama ni Novemba na senene zimeanguka, nunua pakiti ya kukaanga. Haijawahi kuundwa karanga inayofaa kutazamia mpira kuliko senene.

Sasa mpira wenyewe. Kaitaba ni nyasi bandia, na ukielewa hilo utaitazama mechi kwa jicho jingine. Mpira unakimbia, hausimami kwenye tope kama kwenye viwanja vya udongo na nyasi ndefu ambavyo timu nyingi za Championship zimevizoea. Pasi ya chini ya haraka inafika. Pasi ndefu ya juu inadunda na kupotea. Angalia dakika 15 za kwanza kama wageni wamezoea mdundo huo. Beki wao akianza kukosea kupokea mpira, hapo ndipo kelele zetu zina kazi: mwache asikie kila anapougusa. Mvua ikinyesha nyasi zinateleza, na shuti la mbali linakuwa hatari kwa golikipa. Mshangilie anayepiga, hata akikosa.

Wageni wakianza kulala chini kupoteza muda, usirushe kitu. Naomba hili lieleweke vizuri. Chupa moja iliyorushwa kwa mwamuzi msaidizi inaweza kuiletea klabu faini, na ikizidi, mechi ichezwe bila mashabiki. Yaani wewe uliyetoka Mabira kwa nauli yako unaweza kuwafungia wenzako wote mlango. Mwamuzi akikosea, zomea, imba, piga ngoma. Mikono ibaki na wewe.

Kitu kingine ninachokiomba kwa moyo wote: dakika ya 70, matokeo yakiwa 0-0, usianze kumtukana mshambuliaji wetu. Huo ndio wakati ambao uwanja mdogo hugeuka kuwa mzigo, maana mchezaji anasikia kila neno. Kijana anayecheza Championship anajua kwamba msimu mmoja mbaya unaweza kumaliza kazi yake. Akikosa goli la wazi, mwite kwa jina lake, mpigie makofi, mpe pumzi ya kujaribu tena. Timu zinazopanda hupata magoli yao mengi mwishoni, mpinzani akiwa amechoka na uwanja haujachoka. Kama unataka kuwa mchezaji wa 12, hizo dakika 20 za mwisho ndizo zako. Usitoke dakika ya 85 kuwahi gari; gari umelikodi, litakusubiri.

Filimbi ya mwisho ikilia

Kabla ya mechi, kikundi kikubaliane mahali pa kukutania na saa. Mahali pawe pa kujulikana na pasiwe mlango wa uwanja, maana pale watu hubanana. Nusu saa baada ya filimbi inatosha. Mhesabu watu kwa orodha ya mweka hazina, si kwa macho. Dereva aulizwe kama amekula na kama amepumzika. Kama hajapumzika, mngojeni, hata ikiwa saa moja. Kurudi Karagwe usiku ni mwendo wa pole, na njiani mna nafasi ya kuichambua mechi hadi mwisho.

Wa Kyerwa mnaounganisha Omurushaka, gari la pili liwe limeshapangwa tangu asubuhi, na dereva wake apigiwe simu mkiwa Kyaka ili awe tayari. Kama mmechelewa kupita saa 5 usiku, laleni Omurushaka na muondoke alfajiri.

Waliobaki kijijini wana njia yao. Kama mechi inaonyeshwa na Azam, kibanda umiza cha Nkwenda au Isingiro kinaweza kuifungulia, lakini mwombe mwenye kibanda siku mbili kabla, tena muende watu kumi, kwa sababu saa hiyo hiyo huenda kuna mechi ya Uingereza na yeye anafuata wateja. Lipeni kiingilio chenu kama wengine. Akiona Kagera Sugar inajaza benchi zake, wiki nyingine ataandika mechi yetu kwenye ubao wake bila kuombwa.

Kesho yake, kabla watu hawajatawanyika mashambani, mweka hazina asome mapato na matumizi, chenji irudishwe au ihamishiwe safari ijayo, na tarehe ya mechi inayofuata ya Kaitaba iandikwe pale pale kwenye daftari, na majina yaanze kuandikwa chini yake.